Nimechanja UVIKO, naweza bado kuambukiza wazee? Nina safari ya Mpwapwa Jumamosi

MpangajiNkuhungu: Wakuu habarini, naombeni ushauri wa haraka. Nilichanja ile ya sindano moja, Janssen, mwezi wa nane mwaka huu wa 2021 hapa hapa Dodoma, kadi ninayo. Jumamosi naenda Mpwapwa kujitambulisha ukweni, sasa bibi yake mchumba ana kisukari na chanjo hataki hata kuisikia. Mtu akishachanja anaweza kuupata tena akaambukiza wengine?

KijanaWaMajengo: Hongera mkuu, andaa ng'ombe. Mimi walivyonitajia idadi nikauliza kama naoa ukoo mzima 😂

MamaAlizeti: Ndo maana mi sijachanja. Uchanjwe halafu uumwe, faida nini? Mama yangu mwaka jana kapiga nyungu kapona, saa hizi yuko Kongwa analima.

NesiWaZamu: Faida ipo dada. Chanjo inakukinga zaidi usizidiwe ukalazwa au ukafa, lakini kirusi kuingia kinaingia, hasa hiki cha aina ya Delta kinachosambaa mwaka huu, na kikishaingia unaambukiza hata kama mwenyewe unaona ni mafua tu. Kule Massachusetts Marekani mwezi wa saba waliambukizwa watu 469 kwenye mlipuko mmoja, asilimia 74 walikuwa wamemaliza chanjo, wakalazwa watano, hakufa mtu. Huyo bibi sasa hana hata hiyo kinga. Mleta uzi una dalili?

MpangajiNkuhungu: Hapana, kikohozi kidogo cha vumbi, si mnaijua Oktoba ya huku na upepo wake.

NesiWaZamu: Harufu unasikia?

MpangajiNkuhungu: Tangu juzi siisikii vizuri. Na jamaa tunayekaa naye meza moja ofisini alipima akakutwa nayo. Ila jamani tiketi nimeshakata, mshenga kashapeleka barua, wazee wamealikana, nikiahirisha wataona nimemkimbia binti yao. Nitavaa barakoa, bibi nitakaa naye mbali.

KijanaWaMajengo: Bibi wa Kigogo ukae naye mbali? Atakushika mkono mpaka umalize kumtajia babu zako wote.

MzeeWaChamwino: Kijana piga simu uahirishe. Mwezi wa pili tulikuwa msibani, akaja ndugu anakohoa, tukaona haya kumwambia asitupe mkono. Kaka yangu tulimzika baada ya hapo, na yule mgeni mpaka leo mzima na wala hajui.

JichoLaTatu: Ngojeni kwanza, huyu si ndo alifungua uzi mwezi wa sita kwamba mke wake kabadilisha namba ya siri ya simu? Leo ana mchumba Mpwapwa?

MpangajiNkuhungu: Ule nilimwandikia bro, hana akaunti.

JichoLaTatu: Bro huyo huyo asiyesikia harufu? 😂 Chai hii.

MamaAlizeti: Mi nilijua tu, wanaume wa Nkuhungu!

NesiWaZamu: Awe kaoa asiwe kaoa, aende akapime, kwenye hilo basi watu watakuwa wamebanana na madirisha yamefungwa kwa vumbi.

MpangajiNkuhungu: Nesi nikipima kesho asubuhi, Ijumaa jioni majibu yatakuwa yametoka?

JichoLaTatu: Jibu la mke kwanza.