Tiba inayojengwa juu ya mshikamano wa utotoni: ni ipi, na mshauri wake hupatikana vipi?

Binti wa Mwambao (Mombasa)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 34, huu ni mwaka wa sita tangu niolewe, na naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Mama yangu alikwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani nilipokuwa na miaka mitatu, akaniacha kwa bibi, na aliporudi nilikuwa nimefikisha miaka tisa. Siku hiyo naikumbuka vizuri: alipiga magoti ukumbini, akafungua mikono, nami nikajificha nyuma ya bibi, nikauma pindo la leso yake nisiachie.

Mume wangu hufanya kazi kwa zamu bandarini. Nikimpigia usiku nikakuta simu imezimwa, mwili wote hunitetemeka, hurudia kupiga hata mara ishirini, na akisharudi salama, badala ya kufurahi, humsusa siku tatu. Hajawahi kunipa sababu ya kumtilia shaka. Mshauri nasaha niliyemwendea mwaka jana aliniambia, katika kikao cha pili tu, kwamba nimsamehe mama na yote yatakwisha. Aliyasema hayo huku akijibu ujumbe kwenye simu yake. Sikurudi tena.

Sasa nimesoma kwamba kuna tiba inayoangalia mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Je, humfaa mtu mzima? Je, si njia ya kumlaumu mama aliyekwenda kututafutia riziki? Na nitamtambuaje mshauri anayeifahamu kwelikweli?

Mwalimu wa Ushauri Nasaha

Waalaikum salaam, dada yangu. Pole kwa uliyoyapitia, na nakushukuru kwa kuyaeleza kwa uwazi, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanabeba nusu ya jibu.

Fikra hii ilianzishwa na daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya wazazi wao. Alishikilia kwamba mtoto anapomng'ang'ania mlezi hafanyi hivyo kwa sababu ya maziwa, wala kwa sababu amedekezwa. Kumng'ang'ania ni kinga aliyozaliwa nayo, na hofu ya kuachwa ni king'ora cha kinga hiyo. Lakini utafiti wa kwanza wa kuwafuatilia watoto majumbani kwa jicho hilo haukufanyika Ulaya. Ulifanyika kwa jirani zetu Waganda, katika vijiji vya karibu na Kampala, ambako mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika mwaka 1954 na kuwafuatilia watoto wachanga 28, akikaa sebuleni na mama zao kwa takriban saa mbili kila ziara. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kumtazama mama, kisha akiendelea na safari yake. Aliona pia kwamba akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, tabia zake ndogondogo na anachokipenda, ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa wametulia zaidi. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi nasikia watu wetu wakisema kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Kuhusu lawama: mtoto anaweza kushikamana na walezi zaidi ya mmoja, na kwa maelezo yako bibi yako alikuwa ngome yako. Kwa hiyo hukuachwa bila mshikamano. Ulikuwa nao, ukavunjika upande mmoja katika umri ambao mtoto hawezi bado kuelewa maana ya mkataba wa kazi na tiketi ya ndege. Mama yako anaweza kuwa alifanya lililo sahihi kwa riziki yenu, nawe ukawa uliumia. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mshauri mzuri hatakulazimisha kuchagua moja.

Tiba yenyewe si mbinu moja. Ipo ya wanandoa, inayolenga hisia zilizo chini ya ugomvi; ipo ya familia zenye vijana walioelemewa na sonona; ipo ya wazazi wenye watoto wachanga; na ipo ya mtu mmoja na mshauri wake. Kwa mtu mmoja, kinachofanya kazi ni uhusiano wenyewe kati yenu wawili, wa saa ileile, siku ileile, wiki baada ya wiki, hadi mwili uzoee kwamba yupo mtu anayeondoka na kurudi. Ningekuomba uanze kuchunguza kule kususa. Kupiga simu mara ishirini ni yule mtoto anayeita. Kususa, nadhani, ni yule aliyejificha nyuma ya leso, kwa sababu kumkumbatia anayerudi ni kukubali kwamba anaweza kuondoka tena. Nasema nadhani, wewe ndiwe utakayejua.

Kaka wa Dodoma

Dada, mimi si mtaalamu, lakini nilipitia tiba hii kwa miezi kumi na minne. Nilipelekwa bweni nikiwa darasa la kwanza, na ukubwani nikawa mtu nisiyemhitaji yeyote, jambo ambalo kila mtu alilisifu isipokuwa mke wangu.

Mshauri wangu alianza kwa kuniomba maneno matano yanayoeleza uhusiano wangu na baba nilipokuwa mdogo, halafu kumbukumbu moja kwa kila neno. Neno la kwanza nililotoa lilikuwa "mpole". Aliponiomba kisa kimoja cha upole huo, nilikaa kimya muda mrefu, na sikukipata. Hakunisuta wala hakunitafsiria chochote. Alisema tu kwamba tutalirudia neno hilo, na kweli tulilirudia, mara nyingi.

Lililonifundisha zaidi lilitokea mwezi wa nne, alipokwenda likizo ya wiki mbili. Aliporudi sikwenda; nilijisemea kwamba nimepona. Alinipigia simu, na nilipofika aliniuliza kwa utulivu likizo yake ilinigusa vipi, kisha akakiri kwamba alinitaarifu siku chache mno kabla ya kuondoka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi kwa kuondoka. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimpime mshauri kwa vyeti peke yake, mpime siku mtakapotofautiana. Mwambie jambo dogo lililokuudhi katika kikao, uone kama atajitetea au atakusikiliza. Yule aliyeshika simu angeweza kupimwa hivyo hivyo, ingawa nakubali kwamba hukuwa na wajibu wa kumpima.

Mama Walezi

Naongeza tahadhari moja, hasa kwa wazazi wa kulea wanaosoma hapa. Kuna vitendo vilivyowahi kujiita tiba ya mshikamano, vya kumshika mtoto kwa nguvu au kumbana hadi "alie hasira zake zote". Mwaka 2000 katika jimbo la Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 aliyekuwa amechukuliwa kulelewa alifariki baada ya kufungwa ndani ya shuka na kukandamizwa na watu wazima waliodai kumtibu. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilipiga marufuku kitendo hicho. Hayo hayana uhusiano na mnayoyaeleza hapa, isipokuwa jina. Ukisikia mtu akizungumzia kumshika mtoto kwa nguvu, achana naye.

Dada wa Mombasa, Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi iliyoundwa chini yake ndiyo inayowasajili. Uliza namba ya usajili bila haya. Kisha uliza amesomea wapi kazi ya mshikamano, anasimamiwa na nani katika kazi yake, na hufanya nini mteja anapokosa kuja. Mtu aliyeifanya kazi hii atakuwa na la kusema kuhusu swali hilo la mwisho.

Binti wa Mwambao (Mombasa)

Mwalimu, shikamoo, na ahsanteni nyote. Nimewapigia simu washauri wawili walio kwenye orodha ya waliosajiliwa. Wa kwanza, nilipomuuliza hufanya nini mteja anapokosa kuja, alijibu kwamba hutoza ada ileile. Wa pili alisema naye hutoza, lakini hupiga simu jioni hiyohiyo, kisha akaniuliza iwapo ningependa apige au nisingependa. Nilishindwa kumjibu papo hapo, machozi yakanitoka. Tumekubaliana Jumanne saa kumi.

Kaka wa Dodoma, yale maneno matano nimeyajaribu kwa mama. La kwanza lililonijia ni "harufu". Alikuwa akituma nguo ndani ya sanduku, na kabla ya kuzigawa bibi alikuwa akinipa moja niinuse.