Tafakari zangu za Injili za kila asubuhi zimekuwa zile zile, nifanyeje?

Msomaji_Chumbageni (mwanzisha uzi)
Wakuu, amani kwenu. Nipo Tanga mjini. Tangu Kwaresima naamka saa 11 alfajiri, nasoma sura moja ya Injili, naandika nusu ukurasa kwenye kauntabuku. Mathayo na Marko nimemaliza, sasa nipo Luka. Shida ni kwamba kila ukurasa unaishia pale pale: Mungu ni mwema, tumtumaini, tusichoke. Nikifunua kurasa za nyuma siwezi kujua upi ni wa sura ipi. Jana ilikuwa Luka 25, nikashika kalamu dakika 20, hakuna kitu. Nibadilishe tafsiri ya Biblia? Ninunue kitabu cha ufafanuzi? Au saa 11 ni mapema mno? Naombeni ushauri, nina haraka kidogo.

Mzee wa Pongwe
Mwanangu, kosa lipo kwenye hilo neno "sura moja". Mgawanyo wa sura tulionao ni wa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya alizichapa Robert Estienne mwaka 1551. Wainjili hawakuandika kwa sura. Tazama Yohana 7 inavyoisha: kila mtu akaenda nyumbani kwake. Sura ya 8 inaanza: naye Yesu akaenda mlima wa Mizeituni. Hiyo ni sentensi moja imepigwa panga katikati. Anayesoma sura kwa sura anawasoma wenye nyumba leo, aliyekwenda mlimani anamsoma kesho, na hawakutani kamwe.
Soma kwa kisa. Ila angalia, kuna visa vilivyofumwa pamoja. Marko 5, mwanamke mwenye kutoka damu amewekwa katikati ya habari ya Yairo, yule aliyemwomba Yesu amponye binti yake: yeye ameugua miaka 12, na binti wa Yairo ana miaka 12. Ukivitenganisha, hesabu hiyo huioni.

Kijana_Raskazone
Kaka, tafsiri ina uzito wake. Weka mbili mezani: Union Version ya 1952 na Habari Njema. Usizichanganye, soma moja hadi mwisho, halafu rudi na ya pili pale tu ulipokwama. Kitabu cha ufafanuzi kifunguliwe ukishaandika. Ukikifungua kabla, kitakuandikia chenyewe.

Bi Mkubwa Ngamiani
Saa haina neno. Unakimbilia fundisho kabla hujaona, basi. Chukua Marko 4:35–41, Yesu anatuliza dhoruba ziwani. Mara ya kwanza soma kwa sauti, polepole, bila kalamu. Mara ya pili piga mstari chini ya vitu vinavyoshikika tu: chombo, mawimbi, shetri, mto wa kulalia. Mara ya tatu funika kitabu, simulia kwa mdomo kama unayemsimulia mtoto. Ulichosahau na ulichoongeza, hapo ndipo pa kuandika.
Wengi huusahau mto. Mathayo na Luka nao hawautaji, ni Marko peke yake anayesema alikuwa kwenye shetri, amelala juu ya mto. Watu wa pwani shetri tunaijua: huko nyuma ndiko mshika usukani anakokaa. Basi Yesu kalala upande wa usukani, na kati ya wanaomwamsha wamo wavuvi wa ziwa lile lile. Ukishaliona hilo, nusu ukurasa hautoshi.
Na kanuni ya daftari: mistari mitano ya kwanza isiwe na "mimi" wala "sisi". Andika kilichopo kwenye aya. Hizo "tumtumaini" na "tusichoke" zako zinatoka mapema, ndiyo maana zinafanana.

Kalamu_Nyekundu
Samahanini nikate. Luka ina sura 24. Mathayo 28, Marko 16, Yohana 21, jumla 89. Huyu kakaa dakika 20 na sura ambayo haipo. Wakubwa zangu mnatoa vitu vya maana kwenye chai.

Mwana_Muheza
Duh! Na mimi nilipita hapo bila kushtuka. Mwanzisha uzi, rudi utueleze.

Msomaji_Chumbageni
Si chai, mkuu. Kwenye daftari nahesabu siku. Luka 1 ina aya 80, niliigawa siku mbili. Kwa hiyo siku ya 25 ni sura ya 24. Niliandika kwa haraka.

Kalamu_Nyekundu
Hesabu inakubali. Basi swali moja tu. Luka 24, njia ya Emau, wanafunzi wawili wanatembea na Yesu aliyefufuka bila kumtambua. Mmoja ametajwa jina. Ni nani? Jibu bila kufungua.

Bi Mkubwa Ngamiani
Tusifanyiane mtihani hapa.

Kalamu_Nyekundu
Shikamoo Bi Mkubwa. Si kumdhalilisha. Aliyekaa dakika 20 na sura ile lazima Kleopa amemkuta, aya ya 18. Na ameshasema mara mbili ana haraka. Haraka ya nini alfajiri yote ile?

Msomaji_Chumbageni
Sikusoma. Ngoja niseme lote. Kila siku saa 12 kasorobo natuma tafakari kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, watu 60 hivi. Mwanzo niliandika mwenyewe. Siku tisa hizi nachukua ya mtu mwingine mtandaoni, nabadilisha maneno, natuma. Watu wanashukuru, wanasambaza. Wameomba zitoke kijitabu, nimeshampa mchapaji kianzio cha shilingi 120,000. Sidhani kama kuna anayedhurika, Neno ni la wote. Na nikiacha sasa, wale wanaoamka kwa ajili yake nitawaambia nini?

Mwana_Muheza
Neno ni la wote, sawa. Ile tafakari ina mwenyewe. Ukiitoa kwenye kijitabu kwa jina lako, hapo umechukua cha mtu. Mpigie mchapaji leo.

Mzee wa Pongwe
Mwanangu, sikupigi. Tengeneza hivi. Chukua penseli, weka alama kwenye kurasa zote tisa. Ukiikumbuka asili yake, andika mahali ilipotoka. Usipoikumbuka, ukurasa huo hauendi kwa mchapaji. Kianzio kikae kwake, kazi isubiri. Kwenye kundi andika sentensi mbili: tafakari za siku tisa zilizopita hazikuwa zangu, na kuanzia sasa nitatuma Jumatano na Jumapili. Siku nyingine tuma namba za aya tu, kila mtu asome mwenyewe.
Na usitume siku ile ile uliyosoma. Soma Jumatatu, iache, Jumanne iangalie tena. Kuna kitu unakipenda alfajiri, ikifika jioni hakina mashiko.

Msomaji_Chumbageni
Mzee, Jumatano na Jumapili watasema nimepoa.

Bi Mkubwa Ngamiani
Watasema, ndiyo. Hao waliokuwa wakishukuru walikuwa wanamshukuru mtu mwingine pasipo kujua. Wewe asubuhi hizo tisa hukupata kitu, na hilo ndilo linaloniuma. Fungua Luka 24:13–35 sasa hivi, simu iweke mbali. Mara tatu, kama nilivyosema. Ukimaliza uje utuambie ulichokiona, hata kama ni kimoja.

Kijana_Raskazone
Huko Emau angalia umbali kutoka Yerusalemu. Kwa Kigiriki ni stadia 60, kama kilomita 11.

Msomaji_Chumbageni
Nimerudi. Saa moja na nusu imepita. Nimeandika bila "mimi".
Aya ya 28, Yesu anafanya kama anataka kuendelea mbele. Aya ya 29 wanamzuia: kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha. Anaingia, anaumega mkate, wanamtambua, anatoweka. Aya ya 33, saa ile ile wanaondoka kurudi Yerusalemu. Kilomita zile zile 11, na sasa ni usiku. Walimzuia mgeni kwa sababu ya giza, kisha wao wenyewe wakaingia kwenye giza hilo. Na hakuna aliyewatuma. Nimetafuta agizo la kurudi kwenye kisa chote, sijaliona.
Kleopa nimemkuta. Mwenzake hana jina.

Kalamu_Nyekundu
Hii ni yako. Neno la chai nalifuta, niwie radhi.

Bi Mkubwa Ngamiani
Agizo la kurudi halipo, umesoma sawa. Usiitume leo.

Msomaji_Chumbageni
Situmi. Ujumbe wa zile siku tisa nimeuandika, nautuma jioni wakiwa wametulia. Mchapaji nimempigia, kakubali kusubiri mwezi mmoja. Kesho naanza Yohana, sura ya 1, aya 1 hadi 5.

Mzee wa Pongwe
Kipande chenyewe ni 1 hadi 18, ila usikibebe siku moja. Kesho 1–5, keshokutwa 6–13, siku ya tatu 14–18. Siku ya tatu soma zote 18 kwa sauti, na utazame Yohana Mbatizaji anaingia mara ngapi, na kwenye aya zipi.

Msomaji_Chumbageni
Nimeandika kwenye jalada la daftari, Mzee.