Nyoka mdogo mweusi kwenye lundo la tofali, Tabora: ni nani huyu?

Mama Kulwa wa Ipuli
Mwangaluka wadau. Naomba mwenye kuwajua nyoka anisaidie. Niko Ipuli, hapa Tabora mjini. Jana mvua ilinyesha ya kueleweka, ya kwanza msimu huu. Usiku natoka kufuata ndoo kwenye karo, tochi ya simu ikammulika pembeni ya tofali za kuchoma tulizorundika kwa ajili ya choo. Mweusi tii, anang'aa utadhani kapakwa mafuta, na mwanga ukimpiga ubavuni anatoa kama rangi ya zambarau. Urefu ni kiwiko mpaka ncha za vidole, unene wa kidole gumba. Shingo huioni, kichwa na mwili ni kitu kimoja. Macho madogo mno.

Kilichonishangaza ni mkao. Hakukimbia, wala hakutanua shingo kama swila. Aliipinda shingo juu, pua akaielekeza chini, kama anataka kuchimba palepale. Mwanangu wa darasa la sita akataka kumshika nyuma ya kichwa, eti kwenye video ndivyo wanavyofanya. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Jirani akaja na jembe. Sasa yumo kwenye ndoo ya rangi, kafa, nimefunika na kipande cha bati.

Koboko siyo, kifutu siyo, hao nawajua. Picha inagoma kupanda, mtandao wa leo ni shida.

Mzee wa Asali
Dada, huyo ni nyoka kipofu, anakula mchwa na watoto wa siafu. Huku Sikonge tukichimba tunakutana nao sana, watoto wanawachezea. Mmemuua bure.

Mjukuu wa Bayeye
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo subiri kidogo. Nyoka kipofu hakunji shingo namna hiyo, na macho yake ni vidoti tu chini ya gamba. Mama Kulwa, mgeuze kwa kijiti. Kwa kijiti, mama, siyo mkono, hata kama kafa; nyoka aliyekufa karibuni bado anaweza kukuchoma. Angalia tumbo: magamba ni madogo kama ya mgongoni, au ni mapana yanayokatiza tumbo lote? Na mkia ukoje?

Mama Kulwa wa Ipuli
Nimemgeuza. Tumboni ni mapana, yanakatiza kutoka upande hadi upande. Mkia mfupi, butu, ila mwishoni una kama kamwiba.

Mjukuu wa Bayeye
Basi kipofu tumemtoa. Yule magamba yake ni sawa mwili mzima, juu na chini. Kwa maelezo yako, na hasa huo mkao wa pua chini, mimi naweka dau kwa Atractaspis, jina la kisayansi la kundi la nyoka wenye sumu wanaochimba, na Tanzania tunaye anayeitwa Atractaspis bibronii. Anaishi udongoni, anakula mijusi na nyoka wengine wa chini ya ardhi pamoja na vitoto vya panya. Mvua ikilowesha ardhi anapanda juu usiku.

Ubaya wake ni chonge. Ni ndefu, na anaweza kuitoa pembeni ya mdomo bila kufumbua kinywa, akakuchoma kwa kurudi nyuma. Ndiyo maana ile mbinu ya kumshika nyuma ya kichwa kwake haifai kabisa: kidole chako kinakuwa pale pale anapopataka. Babu yangu alicheza nyoka na Bayeye, wale wacheza nyoka wa Kisukuma, chatu alimvaa shingoni kama skafu, lakini hawa weusi wadogo wa mvua alikuwa hawagusi.

Mzee wa Asali
Marahaba. Wajukuu wangu leo hii nawakataza. Ila akiuma si kuna jiwe la nyoka? Mimi ninalo ndani.

Nesi wa Zamu
Mzee, hilo jiwe halinyonyi sumu, linapoteza muda tu. Akikuchoma huyu, maumivu ni makali, panavimba, na wakati mwingine nyama ya kidole inaoza. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye. Vua pete na saa kabla uvimbe haujaja, mkono au mguu utulie, mgonjwa apelekwe hospitali. Antivenomu, yaani dawa za kupinga sumu ya nyoka, tulizonazo hazijatengenezwa kwa nyoka huyu, kwa hiyo anatibiwa maumivu na kidonda, na anaangaliwa kwa karibu. Lakini msikae nyumbani kwa sababu hiyo. Nyumbani huwezi kuwa na uhakika ni nyoka gani aliyeuma. Wengi ninaowapokea wamekanyaga usiku wakiwa peku.

Mama Kulwa wa Ipuli
Asanteni sana. Nimepiga marufuku peku kuanzia leo, na ndala nazo naziangalia kwa jicho baya. Zile tofali nizihamishe?

Mjukuu wa Bayeye
Zihamishe mchana. Vaeni buti, na kila tofali ipinduliwe kwanza kwa reki au chepe ndipo mkono uguse. Mkiweza zipangeni juu ya mbao, zisilale kwenye udongo wenye unyevu. Mafuta ya taa msimwage, yataharibu udongo tu na mwenyewe yuko chini huko.

Mama Kulwa wa Ipuli
Sawa. Kijana naye anataka kumpeleka shule kwenye chupa ya spiriti. Nimemwambia akamuulize mwalimu wa sayansi kwanza.

Mjukuu wa Bayeye
Mwalimu akikubali, aingizwe kwa koleo. Na chupa iwe ya mdomo mpana.