Naomba ushauri: wizara ya tafwidh na ukasimishaji wa madaraka

Wakuu, salaam. Waliosoma fikihi ya siasa, naomba mwongozo. Kwenye andiko langu nalinganisha ukasimishaji wa madaraka (mkubwa kumpa wa chini yake mamlaka) katika sheria ya umma ya leo na mwanasheria wa Kiislamu al-Mawardi (alifariki Baghdad mwaka 1058), kwenye kitabu chake cha utawala, al-Ahkam al-Sultaniyya.

Ana mawaziri wa aina mbili: wa tanfidh, mtekelezaji tu, na wa tafwidh, anayeamua kwa rai yake. Huyu wa tafwidh ana karibu mamlaka yote ya imamu (yaani khalifa, mtawala mkuu) isipokuwa matatu: kuteua mrithi wa uimamu, kuuomba umma umvue wadhifa, na kumwondoa aliyewekwa na imamu. Hilo la tatu ndilo tamu, kwani imamu anaweza kumwondoa aliyewekwa na waziri.

Kinachonikwamisha ni imarat al-istila (uamiri wa kutwaa kwa nguvu): amiri, yaani gavana, ametwaa jimbo kwa nguvu, khalifa anamhalalisha kwa masharti. Wabuwayhi, ukoo wa watawala wa kijeshi, walishaishika Baghdad, makao ya khalifa, tangu 945, hivyo naona hapo ni dharura iliyovishwa joho la sheria. Nikiiweka sura moja na tafwidh hoja inavunjika, maana anayekasimu hapa hana uwezo wa kunyang'anya alichokitoa. Nikiitoa, muktadha unapotea.

Mngeiweka wapi? Na mwanazuoni al-Juwayni, aliyepinga vikali dhimmi (asiye Mwislamu anayeishi chini ya dola ya Kiislamu) kuwa waziri wa tanfidh, aje kwenye sura hiyo ya mawaziri au kwenye sura ya sifa za viongozi?