Huyu LaTeX, mpanga kurasa mnayemsifu kila siku, ameivika tasnifu yangu bukta

Mfugaji_Msomi (mleta uzi):

Wakuu, ninaandika nikiwa bado nimevaa suti ya utetezi, tai imelegea na mikono inatetemeka, kwa hiyo mtanisamehe nikirudia jambo moja mara nyingi. Leo asubuhi, mbele ya jopo la watu watano, akiwemo mtahini wa nje aliyesafiri usiku kucha kwa basi, ukurasa wa tatu wa tasnifu yangu ulifunguliwa kwenye projekta, na pale palipopaswa kusomeka lengo kuu la utafiti palikuwa na bukta ya mjomba wangu, ya bluu, yenye kiraka, imeanikwa kwenye kamba, kubwa kama pazia la ukumbi wa harusi. Mtahini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akasema kwa upole unaoua: "Naona lengo kuu la utafiti wako limevaa bukta."

Mhusika mnamfahamu nyote: ni LaTeX, programu inayopanga kurasa kwa kufuata amri unazoziandika. Ni yuleyule mnayetuambia kwamba msomi wa kweli hawezi kuandika mlinganyo hata mmoja bila yeye, na kwamba ukimzoea hutatamani programu nyingine. Nami sikumwomba milinganyo. Nilimwomba akate picha, kazi ambayo mpiga picha za pasipoti pale stendi huifanya kwa mkasi butu huku akibishania nauli na mtu mwingine.

Picha yenyewe ni ya mbuzi wa maziwa akiwa mbele ya hori. Juu kuna kamba ya nguo, chini kuna kandambili za mjomba, na katikati ndiko iliko sayansi. Ina pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa kimo, nami nilitaka kuondoa 1000 za juu na 400 za chini. Nilihesabu pande kama mtu aliyelelewa vizuri, nikianzia juu na kuzunguka kama mshale wa saa, nikaandika `trim=1000 0 400 0, clip`, nikabonyeza. Akamkata mbuzi kichwa. Kumbe bwana huyu huanzia kushoto, akashuka chini, akavuka kulia, ndipo anapokumbuka kwamba duniani kuna juu. Theluthi nzima ya upande wa kushoto ilikwenda, na huko ndiko mbuzi alikokuwa ameelekea. Kikabaki kiwiliwili kimesimama mbele ya hori kikingoja chakula ambacho hakina mdomo wa kukipokea. Bukta na kandambili hazikuguswa hata kidogo.

Saa nane za usiku niliuandika mstari upya, `trim=0 400 0 1000`, safari hii kwa mpangilio wake yeye, na kwa uchovu nikalisahau neno `clip`. Hakukata, wala hakusema. Aliipimia picha nafasi kana kwamba imekatwa, kisha akaichora nzima, juu ikafunika aya na chini maelezo ya picha yakaandikwa juu ya kandambili. Na huyu ndiye bwana ambaye mstari ukizidi ukingo kwa unene wa unywele huijaza skrini yangu maonyo, akinitajia mpaka sehemu za nukta! Kwa unywele anapiga yowe; kwa bukta nzima, yenye kiraka, ananyamaza kama aliyekula yamini.

"Limevaa bukta." Watu watano, wakuu. Mmoja alikuwa na chai mdomoni na alilazimika kutoka nje.

Kibatari:

Pole sana, mkuu, ingawa pole yangu imechelewa kwa sababu nilikuwa nacheka. Ninachotaka kufahamu ni kama baada ya kuuandika upya huo mstari uliutazama ukurasa wako hata mara moja kabla ya kuupeleka mbele za watu wazima.

Mfugaji_Msomi:

Niliutazama, ndugu yangu. Niliutazama ukiwa mdogo kama stempu pembeni ya skrini, nikaona mbuzi ana kichwa, nikamshukuru Mungu nikalala. Kwa umbali ule bukta ilionekana kama kipande cha anga.

Fundi_Chapa:

Mleta uzi anamtukana bwana huyu kwa kosa la ukoo wake. Mpangilio ule wa kushoto, chini, kulia, juu haukubuniwa ili kumkata mbuzi kichwa. Ulirithiwa kutoka kwenye faili za PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa, ambako mipaka ya picha huandikwa kwa namba nne, mbili za pembe ya chini kushoto na mbili za pembe ya juu kulia, kwa kuwa kipimo huanzia chini kushoto kama grafu ya darasa la hisabati. Isitoshe, TeX, chombo ambacho ndicho kiini cha LaTeX, kilipozaliwa mwaka 1978 hakikujua picha ni nini, na hadi leo hakiioni picha yako. Kinachokiona ni kisanduku kitupu chenye upana na kimo. `trim` hubadilisha vipimo vya kisanduku, na `clip` ndiyo inayomwagiza mchoraji asivuke mipaka yake. Ukitaja ya kwanza ukaiacha ya pili, umepunguza ukubwa wa sahani bila kupunguza ubwabwa.

Nimekufanyia na hesabu. Ikiwa uliiweka picha kwa upana wa sentimita 9, bukta ilizidi juu kwa sentimita 3 kamili, ambazo ni takriban mistari minne au mitano ya tasnifu. Lengo lako kuu lilikuwa refu kiasi gani?

Mfugaji_Msomi:

Mistari minne.

Kibatari:

Basi ilimtosha kama aliyepimwa kwa fundi cherehani.

Binti_wa_Mofimu:

Mimi niliachana na `trim` zamani, na ninamshangaa mtu anayeng'ang'ana na kutaja sehemu asizozitaka wakati anaweza kutaja anayoitaka. Andika `viewport=0 400 3000 3000`, yaani pembe ya chini kushoto na pembe ya juu kulia ya kile unachotaka kibaki, na mambo yamekwisha. Msomi mzima hawezi kuhangaishwa na kamba ya nguo.

Fundi_Chapa:

Hayajakwisha, dada. Hata hiyo `viewport` bila `clip` ingemwonyesha bukta ileile, mahali palepale, kwa ukubwa uleule. Wavivu tunaweka nyota mwishoni mwa jina la amri ya kuingiza picha, nayo hukata bila kuongezewa neno lolote.

Binti_wa_Mofimu:

Nilidhani kwamba ni jambo linaloeleweka.

Mfugaji_Msomi:

Hata mimi nilidhani hivyo, dada yangu, na ndiyo maana leo nimeambiwa nilichoambiwa.

Mwalimu_wa_Zamu:

Bukta ni jambo dogo. Mimi nina malalamiko yenye uzito zaidi, na ninashangaa kwamba hakuna aliyeyataja. Namba mnazozirusha hapa kana kwamba ni pikseli si pikseli hata kidogo. Usipotaja kipimo, bwana huyu hutumia kipimo chake, ambacho 72 hutimiza inchi moja. Mleta uzi aliponea kwa bahati, kwa sababu faili yake ilitangaza kwamba ina pikseli 72 kwa inchi. Mimi nilikuwa na picha mbili za ubao, zote zenye upana wa pikseli 3000, nikakata 100 kushoto na 100 kulia kwa zote mbili. Ya kwanza haikuonyesha badiliko la maana. Ya pili ilikuwa imetangaza 300 kwa inchi, kwa hiyo kwake upana wote ulikuwa 720, na nikapoteza zaidi ya robo ya ubao pamoja na jibu la swali la sita. Wanafunzi walipewa mtihani wa marejeo wenye swali lisilo na jibu, na mzazi mmoja alinipigia simu wakati wa futari.

Shangazi_Toleo:

Mwalimu, hapo tatizo si bwana huyo, tatizo ni kumkatia kwa kubahatisha. Tumia kifurushi cha nyongeza cha `adjustbox`, ambacho hukuruhusu kusema "ondoa sehemu ya kumi ya upana" badala ya kuhesabu vijinukta. Hata hivyo, nyote mnalalamikia vitu vinavyoonekana. Mimi nilikata picha ya bango la duka kwa ajili ya jarida, nikaondoa namba ya simu ya wifi yangu iliyokuwa chini, nikaweka `clip`, ukurasa ukatoka safi kama kanzu ya Ijumaa. Baada ya wiki moja mhariri aliifungua PDF kwa programu nyingine, akaitoa picha nje, ikatoka nzima, namba ikiwa imesimama palepale. `clip` haikati kitu, wapendwa. Inaziba tu. Picha yote inabaki ndani ya faili, na anayejua kuitoa anaitoa.

Kibatari:

Hilo si lake peke yake. Ile programu ya ofisini inayotumiwa na makatibu muhtasari wote nayo huhifadhi kipande ulichokikata mpaka uiambie waziwazi ikifute. Niliwahi kupokea barua ya mwaliko yenye picha ya bwana harusi. Nilipoivuta pembeni, akatokea bibi harusi mwingine.

Mfugaji_Msomi:

Subirini kidogo. Mchana huu, baada ya aibu yote ile, nilirekebisha mstari, nikaongeza `clip`, nikahakiki kila ukurasa kwa ukubwa kamili, na saa tisa alasiri nikawasilisha nakala laini maktaba. Shangazi, unataka kuniambia kwamba bukta bado imo?

Shangazi_Toleo:

Imo, mwanangu. Pamoja na kandambili.

Mfugaji_Msomi:

Sasa nafanyaje? Wamesema tasnifu itawekwa kwenye hifadhi ya chuo ili isomwe na dunia nzima.

Mpenda_Chati:

Kwa kuwa tunazungumzia kukata, nami nina chati zinazotoka na ukingo mweupe mpana kama uwanja wa mpira. Kuna programu ndogo ya `pdfcrop` inayotafuta wino ulipo kwa msaada wa Ghostscript, programu ya kusoma faili za PostScript na PDF, na kuondoa weupe wote. Nilipoitumia ilipita karibu mno na wino, herufi za pembeni zikaonekana kama zinagusa ukuta. Ni mpaka uiambie iache ukingo kidogo.

Mwalimu_wa_Zamu:

Afadhali ukingo. Picha zangu za simu hutoka zimelala ubavu. Simu huandika ndani ya faili agizo la kuigeuza picha, na toleo ninalotumia mimi halilisomi kabisa. Nikiongeza `angle=90` picha husimama, lakini `trim` bado huhesabu pande za picha ilivyokuwa kabla ya kugeuzwa, kwa hiyo ninachokiita juu yeye bado anakiita ubavu.

Binti_wa_Mofimu:

Mwalimu, ulijaribu `angle=-90`? Huenda unageuza upande usio wake.

Mwalimu_wa_Zamu:

Nilijaribu. Ubao ulisimama kichwa chini.

Mfugaji_Msomi:

Wakuu, mimi bado nipo. Kuhusu bukta?

Fundi_Chapa:

Mwalimu, igeuze na uihifadhi upya kwa programu ya picha kabla ya kuileta kwa bwana huyu, kisha uhesabu pande zako upya. Na hiyo picha ya pili ilitangaza pikseli ngapi kwa inchi, ulisema 300?

Mwalimu_wa_Zamu:

300, ndiyo. Subiri niipandishe hapa muione.