Krosova pasivu au aktivu kwa spika za mbele?

mpenda_bezi
Wakuu habari zenu. Nina seti ya spika za mbele, wufa (ya sauti za chini) inchi 6.5 mlangoni na twita (ya sauti za juu) kwenye nguzo ya kioo, zilikuja na viboksi vyake vya krosova pasivu, vile vinavyokaa kati ya ampu na spika kugawa sauti za chini kwa wufa na za juu kwa twita. Ampu ni ya chaneli nne, mbili zinasukuma za mbele na mbili za nyuma, sabwufa ina ampu yake. Sasa watu wanasema nitoe viboksi niende aktivu, yaani sauti igawanywe kabla ya kufika kwenye ampu na kila spika iwe na chaneli yake, wengine wanasema ni kujisumbua tu. Sauti sio mbaya ila twita ya upande wa dereva kali mno, na muimbaji unamsikia kabisa kakaa upande wangu badala ya katikati ya dashibodi. Ampu ina krosova yake ndani, si naweza kutumia hiyohiyo? Naombeni ushauri kabla sijafungua milango.

fundi_waya
Mkuu angalia kwanza kinobu cha HPF (kichujio kinachozuia sauti za chini) kwenye ampu kinaishia wapi. Nyingi zinaishia Hz 250 au 500 hivi, kazi yake ni kuzuia bezi isiende spika ndogo, haikuwekwa kwa ajili ya twita. Twita za seti kama yako nyingi zinataka kukatwa Hz 2500 mpaka 3500, ukiifungulia kuanzia Hz 500 na chaneli nzima ya ampu nyuma yake koili yake nyembamba inaungua mapema tu. Kama huna DSP (kifaa cha kuchakata sauti kidijitali) au redio inayokata huko juu aktivu iache kwanza. Halafu njia mbili aktivu mbele zinakula chaneli zote nne, spika za nyuma zitabaki bila ampu.

sauti_safi
Nakubali, na pasivu naomba niitetee kabisa. Kiwandani wameipigia hesabu kwa spika hizohizo, shida inakuja ukianza kuchanganya. Koili na kapasita zimepangwa kwa omu 4, weka wufa ya omu 8 pale koili inaanza kukata karibu mara mbili juu zaidi, twita ya omu 8 nayo sehemu inapokatwa inashuka karibu nusu, zinaimba juu ya kila mmoja na twita inabeba mzigo usio wake. Wewe hujachanganya kwa hiyo hilo halikuhusu. Fungua kiboksi, nyingi zina jampa (kipini kidogo cha kuhamisha) ya kupunguza sauti ya twita, dB 0 na -3, hamishia -3 usikilize.

Ila la muimbaji kukaa upande wako hapo tatizo ni umbali, krosova haihusiki. Sauti inaenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Chukua futi kamba pima kutoka kichwani kwako hadi twita ya huku, kisha ya kule, ukikuta tofauti ya sentimita 50 chelewesha upande wa karibu milisekunde 1.5 hivi. Redio nyingi za kisasa zina hiyo setingi, na inafanya kazi hata ukiwa na pasivu kwa sababu unachelewesha upande mzima. Aktivu inachokuongezea ni kuchelewesha twita na wufa kila moja kivyake, pamoja na kupanga sauti ya kila moja, na hiyo ni raha kweli ukiwa na DSP na muda wa kukaa kwenye gari unasikiliza.

mpenda_bezi
Nimeshuka kwenye gari sasa hivi, delay (ile setingi ya kuchelewesha) ipo kwenye redio sikuwahi kuigusa, muimbaji kasogea katikati kabisa aisee! Jampa nitajaribu kesho. HPF ya ampu inaishia Hz 400. Baadaye nikipata DSP je, nizingatie nini?

fundi_waya
Safi sana. Siku hiyo ikifika weka kapasita isiyo na polariti ya maikrofaradi 47 kwenye waya chanya wa kila twita, kwa omu 4 inaanza kukata kama Hz 850, chini sana ya pointi utakayokatia twita kwa hiyo haikuharibii sauti, lakini ampu ikitoa ule mlio wa puu wakati wa kuwaka au setingi zikifutika twita inapona. Geni (kiwango cha ukuzaji kwenye ampu) za twita anza nazo chini kabisa, na kabla hujaunganisha twita hakikisha kwa sauti ndogo kwenye spika nyingine kwamba chaneli hiyo inatoa sauti za juu tu.