Wauza kahawa wa Dar, tarehe ya kukaanga iko wapi? Mnatuuzia mkaa kwa bei ya arabika!

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa vijiwe vya kahawa, hili ni jambo jingine kabisa.

Juzi Jumamosi nimeingia duka moja la hapa mjini, la vioo na kiyoyozi, nikanunua paketi ya kahawa gramu 250 kwa shilingi 18,000. Paketi ina picha ya mlima na maandishi ya dhahabu: AA, Arabika Bora. Nikaigeuza mbele nyuma, juu chini. Haijaandikwa imekaangwa lini, inatoka mkoa gani, wala iliandaliwaje baada ya kuchumwa. Kuna tarehe ya mwisho wa matumizi tu, miaka miwili mbele. Nikamuuliza dada wa kaunta, "Samahani dada, hii imekaangwa lini?" Hajui. Akamwita msimamizi, naye akanijibu huku anaangalia simu yake: "Kaka, kahawa haiozi hiyo."

Nikalipa. Nilikosea hapo, nakubali.

Nyumbani nikafungua. Punje nyeusi tii, zinang'aa mafuta, vidole vikabaki vinateleza. Mafuta yakitoka nje ya punje namna ile, ujue imekaangwa kupita kiasi, au imekaa sana, au vyote viwili. Harufu ilikuwa ya mafuta ya kupikia yaliyolala wiki nzima kwenye kikaango. Nikasaga, nikamwagia maji ya moto taratibu. Kahawa iliyokaangwa karibuni ukiimwagia maji inaumuka kama unga wa maandazi, inatoa mapovu, kwa sababu ndani ya punje bado kuna hewa ukaa iliyobaki tangu kukaangwa. Hii ilitulia tu kama tope. Nikaonja: majivu. Nikaongeza sukari, yakawa majivu yenye sukari.

Sasa niwaambie kwa nini inaniuma hivi. Kwetu ni Kilema, Kilimanjaro, ambako wamisionari Wakatoliki walileta mibuni tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mama yangu mpaka leo anachuma mwenyewe, tunda moja moja, jekundu tu. La kijani analiacha, analirudia baada ya wiki. Jioni ile ile matunda yanapita kwenye mashine ya mkono kutoa ganda la nje, yasilale nalo. Punje zinavundikwa mpaka ute uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kichanja. Mchana anazigeuza kwa kiganja, iliyovunjika au yenye tundu la mdudu anaitupa pembeni. Wingu likitanda, anaacha hata chakula jikoni akafunike turubai. Na kilo moja ya buni inakula karibu kilo sita za matunda! Halafu mtu huku mjini anaichukua kazi yote hiyo, anaiunguza, anaifungia kwenye karatasi ya dhahabu, na ukimuuliza swali dogo anakuona msumbufu.

Na hii habari ya "AA" imenichosha. AA ni saizi ya punje, basi. Kahawa inapitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo tofauti. Zile kubwa zinazobaki juu ndizo AA, zinafuata A, kisha B. PB ni ile ya mviringo, tunda lilipotoa punje moja badala ya mbili. Punje kubwa inaweza kuwa tamu, inaweza kuwa mbovu. Ukiniandikia AA ukaacha tarehe ya kukaanga, umeniambia nguo ina ukubwa gani bila kuniambia ni pamba au nailoni.

Halafu lile neno "arabika". Mimi robusta, ile aina nyingine ya kahawa, siidharau hata kidogo. Wahaya waliijua kahawa yao kabla sisi wa mlimani hatujaona mbuni, wanaichemsha, wanaikausha, wanamkaribishia mgeni aitafune. Robusta nzuri ya Kagera ni nzito, ina uchungu wa kiume, ukiitia maziwa haipotei. Lakini kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Shemeji yangu akinywa kikombe kimoja cha robusta jioni, saa nane za usiku yuko macho anahesabu mabati. Mtu kama huyo ana haki ya kujua mmechanganya nini. Changanyeni, hakuna tatizo, ila andikeni.

Maana mtu atachaguaje? Mwenzangu anayependa ule uchachu mwepesi, kahawa inayoacha mdomo safi, anatafuta arabika ya kuoshwa ya Kilimanjaro, Arusha, Mbozi au Mbinga, iliyokaangwa wastani, rangi ya kahawia siyo nyeusi. Anayetaka nzito na chungu aende Kagera, au achukue iliyokaangwa zaidi. Lakini ukikaanga mpaka ikawa mkaa, ya Mbozi na ya Kilema zote zinakuwa na ladha moja, ya kuungua. Hapo hakuna tena cha kuchagua, na mimi naamini wengine wanaunguza makusudi ili kuficha kahawa mbovu.

Mzee wa kahawa pale kijiweni kwetu Ilala hana paketi wala mlima wa dhahabu. Anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe. Nilimuuliza jana, "Mzee, shikamoo, hii umekaanga lini?" Akaniitikia marahaba, akasema, "Juzi alasiri, mwanangu, na kesho nakaanga nyingine." Jibu limekamilika. Kikombe chake kidogo na kipande cha kashata vimenipa heshima kuliko lile duka la kiyoyozi.

Wadau mnaojua muuzaji wa hapa Dar anayeandika tarehe ya kukaanga na mahali kahawa ilikotoka, mtajeni hapa chini. Iwe ya punje nzima, nasaga mwenyewe, maana ya kusagwa harufu inakimbia ndani ya siku chache. Natumia gramu 15 kwa kikombe kikubwa, maji yakishachemka nasubiri kidogo kabla ya kumwaga. Sihitaji mashine wala mbwembwe.

Ile paketi ninayo hapa mezani, nimetoa punje chache tu. Risiti ninayo. Jumamosi hii narudi nayo dukani, namtaka msimamizi aisage mbele yangu, aipike, na anywe yeye kwanza.